Jinsi ya kufukua siri za ukoo wenu hapa Uganda: anzia pale hadithi inaporuka

Ukikulia Uganda hii kitu umeiona. Mzee anafariki, watu wako matangani wanakula posho na maharagwe, alafu jioni inaingia taksi kutoka Arua ama Mbale, anashuka mama mmoja na vijana wawili wenye paji la uso la marehemu na mwendo wa marehemu, na wazee wote wanaangalia chini. Usiku mnaambiwa "hawa nao ni ndugu zenu, wasalimieni". Basi, hakuna maelezo mengine, na mwenye maelezo ndio huyo yuko ndani ya jeneza.

Mimi inaniuma sana mtu asubiri kifo ndio ajue ndugu zake. Na si mambo ya kutaka kujua tu, kuna vijana wamefika mpaka siku ya kwanjula, yaani utambulisho wa uchumba kwa wazazi, mahari imeshapangwa, ndio mzee mmoja anasimama anasema hawa wawili ni damu moja. Kwa hivyo nimeamua kuandika vile mtu anaweza kutafuta mapema, polepole, bila kuvunja familia.

Kitu kimoja ukishike kabla ya vyote: siri nyingi za koo zetu hazijafichwa kwenye kabati lolote. Watu wanazijua, wameamua tu kuziruka. Babu anakuhadithia maisha yake vizuri, shule, kazi ya Jinja, ndoa, halafu ghafla yuko Bombo na watoto watatu, katikati hakuna kitu. Ile miaka inayorukwa ndiyo ya kutafuta, mambo ya karatasi na DNA yanakuja baadaye.

Chora ukoo kwa matumbo, si kwa majina tu

Nunua daftari kubwa la kurasa nyingi. Simu inaibiwa, inaanguka kwenye maji, daftari linakaa. Kila mtu wa ukoo mpe ukurasa wake, na usiandike tu "mtoto wa fulani", kwa sababu kwetu baba ni baba mkubwa na baba mdogo pia, mama ni dada yake mama pia, na watu wazima kabisa wamekufa wakiamini mjomba ndiye aliyewazaa. Wewe uliza tumbo. "Huyu ametoka tumbo gani?" ni swali ambalo mzee yeyote anajibu bila kuona kama umemchokoza. Na kama babu alikuwa na wake wengi, andika nyumba ya kila mtoto: nyumba kubwa, nyumba ndogo, na wale ambao hawana nyumba. Hao wa mwisho weka alama.

Baadaye weka miaka. Wazee wengi hawana tarehe ya kuzaliwa ya kweli, ile ya kwenye kitambulisho waliambiwa waseme chochote wakasema 1 Januari. Kwa hiyo tumia matukio. Nzige walikuja 1931. Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, alipelekwa Uingereza kwa nguvu Novemba 1953 akarudi Oktoba 1955. Uhuru Oktoba 1962. Lubiri, kasri la Kabaka, ilipigwa Mei 1966. Amin alichukua serikali Januari 1971, Wahindi wakapewa siku 90 waondoke Agosti 1972, Kampala ikaanguka Aprili 1979, na Museveni akaingia Januari 1986. Bibi akikwambia "Kabaka anarudi mimi nilikuwa nanyonya" tayari una mwaka wake, hauhitaji cheti.

Ukishapanga hivyo yale mapengo yanajionyesha yenyewe. Chukua mzee aliyeandikishwa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza, 1942, akapelekwa Ceylon halafu Burma, akarudi 1946, na nyumbani kuna mtoto kazaliwa 1944. Hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akahesabu. Ama ndugu wanaofuatana kila miaka miwili, halafu kuna pengo la miaka saba. Pengo kama hilo linaweza kuwa watoto waliokufa, linaweza kuwa mke aliyeondoka na kurudi, jela, ama familia nyingine mahali pengine. Usikimbilie jibu, andika tu pengo na miaka yake.

Majina yanasema mengi kuliko wenye majina

Hapa ndipo napenda zaidi, kwa sababu ni bure na huhitaji ruhusa ya mtu. Kwa Waganda, Kizza ni anayefuata mapacha. Kwa Waacholi na Walango huyo ni Okello ama Akello. Sasa kama shangazi yenu anaitwa Kizza na kwenu hakuna mapacha wanaojulikana, huenda mapacha walikuwepo. Walikufa wadogo ama wako kwa mtu mwingine. Na bibi anayeitwa Nnalongo na wazee wenzake, na nyinyi mmezoea tu kama jina, aliitwa hivyo kwa sababu alizaa mapacha, wako wapi? Otim na Atim ni mtoto aliyezaliwa ugenini, mbali na kwao. Sasa mama yake alikuwa anafanya nini huko ugenini, na kwa nani?

Halafu kuna majina yaliyobadilishwa, na hapa Uganda ni mengi mno. Kuanzia miaka ya 1920 watu kutoka Rwanda na Burundi waliingia Buganda kutafuta kazi kwenye mashamba ya pamba na kahawa, wengi wakabaki, wakachukua majina ya Kiganda na hata ukoo, watoto wakakua Waganda. 1970 serikali ya Obote iliwafukuza wafanyakazi Wakenya, na wengine waliobaki ilibidi wajifiche ndani ya majina ya wake zao. Baada ya Amin kuanguka 1979, Wanubi na watu wa West Nile, waliohesabiwa kuwa watu wa Amin, waliwindwa, kuna waliokimbilia Sudan na Zaire, na kuna waliobaki wakaacha kusema Kinubi mbele ya watu wakajiita kitu kingine. Na miaka ya themanini na tisini, ukimwi ulipomaliza watu kuanzia Rakai kule, watoto yatima waligawanywa kwa ndugu na wakaandikishwa shule kwa jina la aliyewachukua. Ukiwa umezaliwa miaka hiyo na una "kaka" mliyepishana naye miezi minne tu, hesabu inakwambia kitu.

Kama ukoo wenu ni wa Kiganda kuna kipimo cha zamani. Mtu anatakiwa aweze kupanda kutoka kwa baba, babu, halafu ngazi za ukoo, lunyiriri, mutuba, ssiga, mpaka juu kwa mwenye kasolya, mkuu wa ukoo wote, yaani kama ni ukoo wa Ffumbe afike kwa Walusimbi, kama ni Nkima afike kwa Mugema, kama ni Ngeye kwa Kasujja. Aliyeingia ukoo kwa kupokelewa ama kwa kazi mara nyingi anajua muziro (mnyama ama kitu cha mwiko cha ukoo) na jina la ukoo, lakini katikati anakwama. Ila usimhukumu mtu kwa hilo peke yake, vijana wengi wa Kampala wanakwama na ni wa ukoo halisi.

Kuongea na wazee

Usiende kwa mkubwa wa ukoo kwanza. Huyo ndiye mlinzi wa hadithi rasmi. Nenda kwa wale wa pembeni: shangazi aliyeolewa mbali, mke mdogo ambaye hakupata kitu kwenye urithi, yaya wa zamani, jirani aliyekaa mlango wa pili kule kota za reli miaka ishirini. Hao waliona yote na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Na usiulize siri, uliza kitu. Beba foto za zamani. Kaa naye mchana watu wakiwa shambani, mpe sukari na sabuni uliyomletea kama mtu mwenye adabu, ongea mambo mengine kwanza, halafu weka foto mkononi mwake: "Shangazi, huyu amesimama nyuma na kofia ni nani?" Angalia mikono yake, si uso. Akiigeuza foto kuangalia nyuma, ama akairudisha haraka bila kusema, hapo umefika. Usimsukume. Sema "haya shangazi, si neno", funika foto, endelea na chai. Mara nyingi atakwambia mwenyewe ukiwa unaaga, amesimama mlangoni, maneno mawili tu. Hayo mawili ukayaandike kabla hujapanda boda.

Wazee wawili ongea na kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja wanakubaliana hadithi moja na wewe umepoteza. Kurekodi kwa simu omba ruhusa, akikataa zima kweli, sio kuigiza.

Na kuna jambo lazima uliseme mapema, mwenyewe, kabla hawajakuuliza: kwamba haujaja kwa sababu ya ardhi. Sheria yetu ya urithi haimtengi mtoto wa nje ya ndoa, na kila mzee analijua hilo, kwa hiyo mtu akianza kuuliza nani ni mtoto wa nani wanasikia neno moja tu, kiwanja. Sema wazi unachotafuta ni nini. Kama kweli unatafuta ardhi pia, sema, kwa sababu wakigundua baadaye hakuna mtu atakufungulia mdomo tena.

Makaburi

Siku mkienda kijijini zunguka makaburini na daftari. Nani kazikwa karibu na nani, kaburi gani limejengewa saruji na lipi limeachwa na jiwe tu, nani hayupo kabisa. Mtu wa ukoo aliyezikwa nje ya butaka, ardhi ya ukoo, pembeni ya migomba, kuna sababu yake. Na lumbe, sherehe ya kumaliza matanga kwa Waganda, usikose, hata kama ni ya ndugu wa mbali, pale mrithi anavalishwa na watoto wa marehemu wanatajwa mbele ya watu wote, na ndio siku ambayo familia inaamua nani anatajwa na nani anarukwa. Waislamu kwenye arobaini pia yanatoka mengi.

Karatasi

Anza na sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi. Kuna mama wa Bombo nilimsaidia, ndani ya sanduku mlikuwa na nailoni imekunjwa mara tatu, ndani yake tiketi za kodi za marehemu mumewe, zile za graduated tax, kodi ya kichwa, ambazo ziliisha 2005, karibu za miaka yote. Tiketi ya kodi ilikuwa inaandika jina na mahali mtu alipolipia. Tukazipanga sakafuni kwa miaka. Miaka minne mfululizo mzee alilipia kodi Lugazi, wakati familia nzima inajua alikuwa askari Gulu. Hakuna mtu aliyekuwa amesema neno Lugazi kwenye ile nyumba hata siku moja. Kwenda kuuliza kule kwenye kambi za wafanyakazi wa miwa, tukapata mwanamke mzee anamkumbuka kwa jina lingine. Hiyo ndiyo nguvu ya karatasi ndogo ndogo, risiti za shule, kadi ya kliniki, barua ya LC (serikali ya mtaa), kadi ya chama, usitupe kitu. Piga foto pande zote mbili na urudishe vile ulivyovikuta.

Kanisa ndilo lina rekodi za zamani kuliko serikali. Waanglikana walifika Buganda 1877, Wakatoliki 1879, na walikuwa wanaandika. Nenda parokia aliyobatizwa mtu, si anayosali sasa hivi, na uende na mwaka wa kukisia na jina la ubatizo. Kwa Wakatoliki usisome tu mstari wa mtoto, soma pembeni, kwa sababu mtu akifunga ndoa parokia nyingine taarifa inarudishwa na kuandikwa pembeni mwa ubatizo wake. Watu wamegundua ndoa ya kwanza ya babu kwa njia hiyo. Angalia pia msimamizi wa ubatizo, na angalia kama sehemu ya baba imeachwa wazi. Mweke karani wa parokia vizuri, muombe kwa heshima, rejista ni mali ya kanisa na hana lazima ya kukuonyesha. Kumbukumbu za Church of Uganda, yaani Waanglikana, nyingi ziko chuo kikuu chao Mukono.

Serikalini, faili lenye siri kuliko yote liko kwa Administrator General, ofisi ya serikali ya mali za marehemu, Kampala. Mtu akifa na mali, kabla familia haijakwenda kortini kuomba barua za usimamizi kwa kawaida inabidi ipitie pale, na kwenye faili mnakuwa na orodha ya wajane na watoto, na mara nyingine barua za watu wanaolalamika kwamba wamerukwa. Kama wewe ni mtoto ama mjukuu unaweza kuuliza, nenda na kitambulisho na cheti cha kifo. Ofisi za ardhi pia, hati za mailo, ardhi ya kumilikiwa ya Buganda, zinatokana na mkataba wa Buganda na Waingereza wa 1900 na zinaonyesha ardhi ilivyotoka mkono hadi mkono, ukiona kipande kimeandikwa jina la mwanamke usiyemjua, mwaka ambao babu alikuwa na pesa, tafuta huyo mwanamke.

Nyaraka za taifa ziko Wandegeya, Lourdel Road. Huko hutapata baba yako kwa jina, utapata zaidi mambo ya machifu, wafanyakazi, kesi, barua za wilaya. Za Kabarole zimetunzwa Fort Portal na Mountains of the Moon University. Kama unaweza kupata daftari za korti za gombolola (kata) za wakati wa mkoloni, soma, mle ndani ni mahari, ugoni, mtoto wa nani, ng'ombe wangapi walirudishwa, kila kitu ambacho bibi hatakwambia.

Kwa askari wa jeshi la Mwingereza aliyekufa kwenye vita vikuu vya dunia tafuta jina kwenye hifadhi ya Commonwealth War Graves Commission, ni bure onlaini, ila jaribu tahajia zote unazoweza, Mzungu aliandika alichosikia. Na kama hadithi yenu ina Mhindi aliyeondoka 1972 akamwacha mama na mtoto, jua kwamba wengi walikwenda Uingereza, mji wa Leicester hasa, na wengine Kanada, ambako Carleton University ya Ottawa inahifadhi kumbukumbu zao. Tovuti ya FamilySearch nayo ni bure, ina rekodi nyingi za dunia, ingia utafute, lakini kwa Uganda usiitegemee peke yake.

DNA, ya mwisho

Kuna vipimo viwili watu wanachanganya. Cha kwanza ni kile cha kusema huyu ni mtoto wa huyu, maabara ya serikali Wandegeya wanafanya, na kikitakiwa kortini ndicho hicho. Cha pili ni cha ukoo, kampuni kama MyHeritage, unatuma mate ama usufi wa shavuni, wanakutafutia watu mnaoshare damu kwenye hifadhi yao. Cha pili kwa sisi kina udhaifu, watu wa Afrika Mashariki waliopima ni wachache, na ile ramani ya makabila usiiamini sana. Lakini kama siri yako imevuka bahari, Mhindi, Mzungu, ama ndugu aliyezaliwa London, kinaweza kukupa jibu ambalo hakuna mzee anakupa.

Majibu yanakuja kwa kipimo kinaitwa sentimogani (cM), kiasi cha DNA mnachoshare. Mzazi na mtoto ni karibu 3,400. Ndugu baba mmoja mama mmoja karibu 2,600. Ukiona kama 1,750 huyo anaweza kuwa ndugu wa mzazi mmoja, ama babu, ama shangazi, ama mjomba, namba ni zile zile, ni umri na lile daftari lako la mapengo ndio litachagua. Binamu wa kwanza karibu 870. Na kama kwenu binamu wanaoana, kama ilivyo kwa baadhi ya familia za Kiislamu, namba zinapanda juu kuliko udugu wenyewe, usishtuke.

Usimpime mtu mzima bila yeye kujua, na mtoto usimpime kwa hasira ya ndoa. Damu yako ni ya ndugu zako pia. Uganda tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, lakini kampuni hizi ziko nje: mojawapo, 23andMe, waliibiwa taarifa za watu karibu milioni 6.9 mwaka 2023, na Machi 2025 kampuni ikaomba kufilisika. Pima ukiwa umelijua hilo.

Ukishajua

Kaa nayo kwanza. Siri nyingi ziliwekwa kumlinda mtu, na mara nyingi huyo mtu bado yuko hai. Mama aliyebakwa wakati wa vita akapata mtoto, mjomba aliyekufa ukimwi familia ikasema alirogwa, baba aliyebadilisha kabila ili asiuawe. Hao hawakudanganya kwa ubaya. Wa kwanza kuambiwa ni yule ambaye siri inamhusu, uso kwa uso, peke yake, si kwenye grupu ya WhatsApp na hasa si kwenye matanga. Akisema "hiyo iache mpaka nife", iache, andika kwenye daftari, funga.

Ndugu mpya ukimpata mtumie ujumbe mfupi, usimwage yote. Kitu kama hiki: "Habari yako ndugu. Naitwa fulani, naishi Jinja. Nafuatilia historia ya ukoo wetu na jina la mama yako limetokea. Sitaki mali wala sitaki kuleta matatizo. Kama uko tayari tuongee, nipigie muda wowote, na kama hauko tayari nitaelewa." Halafu ngoja, hata miezi. Wengine wanasoma wanakaa kimya mwaka mzima kwa sababu na wao ndio kwanza wanasikia. Usitume mara ya tatu, acha namba yako kwa mzee wanayemwamini upande ule. Akijibu, kabla hujamwita kaka na kabla hujamtumia foto za baba, muulize kama mama yake bado yuko hai na ni nani kwao ambaye bado hajui.